Hadubini za Kuazima

Walibeba hadubini sita kutoka shule ya sekondari iliyo ng'ambo ya barabara, kila moja ndani ya sanduku lake la mbao, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeigeuza njia ya mtaa wa Langas kuwa tope la kunasa viatu. Adoyo alikuwa wa tatu kwenye mstari. Alikuwa amevua viatu vyake akavifunga kamba na kuvining'iniza shingoni, kwa sababu soli ya kushoto ilikuwa imeachama, na Bwana Johnstone, naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa amewaonya tangu getini kwamba atakayeanguka na sanduku, mzazi wake atauza kitanda. Kwa hiyo alitembea pekupeku, vidole vikitafuta mahali pagumu, sanduku amelikumbatia kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu.

Alikuwa Gredi ya Tisa. Kwa miaka mitatu alikuwa akiichora hadubini kutoka ubaoni, akaandika majina ya sehemu zake zote kwa wino mwekundu, akapewa alama zote. Hakuwahi kuiona. Walipozipanga mezani katika chumba kilichopakwa rangi juzi na kuandikwa MAABARA mlangoni, aliuliza kama wangeweza kuchungulia, hata mmoja mmoja.

"Hizi si za kuguswa," Bwana Johnstone alisema. "Ni za kuonekana. Kesho jioni zinarudi kwa wenyewe."

Kesho yake mheshimiwa diwani alikuwa anakuja kuifungua hiyo maabara. Ndani hamkuwa na mfereji, wala sinki, wala kabati. Mlikuwa na meza nne zilizotolewa madarasa mengine na kufunikwa vitambaa vya mke wa mwalimu mkuu. Lakini mbuzi wawili walikuwa wamekwisha kupatikana, wazazi walikuwa wamechanga mchele, na Adoyo ndiye aliyechaguliwa kughani shairi la kumkaribisha mgeni.

Hapo ndipo penye ajabu, maana miaka miwili nyuma hakuna ambaye angemchagua Adoyo hata kuitikia jina lake. Tangu siku ile ya Gredi ya Tatu aliposema "samba" badala ya "shamba", darasa zima likaangua kicheko na mwalimu akacheka nao, aliufunga mdomo. Akiulizwa swali alisimama akatazama dawati mpaka aliyeuliza achoke. Kwenye ripoti waliandika kila muhula kwamba ni mtulivu na ana nidhamu. Mama yake, anayeshinda sokoni akimenya njegere na kukata sukuma wiki za watu, alisomewa maneno hayo akafurahi. Umaskini hutufundisha kushukuru kwa mambo ya ajabu.

Aliyemfungua mdomo ni Mwalimu Linah. Alikuja kutoka Turbo kwa mkataba wa mwaka mmoja, mmoja wa wale walimu wanaoitwa intern, ambao hupewa vipindi vingi kuliko wote na hukaa wakingojea barua ya ajira mpaka macho yanawatoka. Siku ya kwanza aliliambia darasa kwamba yeye mwenyewe alichekwa chuoni kwa kusema "papa" akimaanisha baba, na kwamba hajafa. Kisha akawaambia kila Ijumaa baada ya vipindi waandike wanachokiona, si wanachodhani mwalimu anataka kusikia.

Adoyo aliandika juu ya vidole vya mama yake, vilivyokuwa vya kijani hata Jumapili kanisani. Mwalimu Linah hakumlazimisha kusoma. Alisubiri wiki saba. Wiki ya nane Adoyo alisimama mwenyewe, akasoma, akasema "samba" mara mbili, na Cyril, mchokozi wa darasa, alianza kucheka kisha akanyamaza kwa sababu mama yake pia humenya njegere.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Alijifunza mizani ya mashairi kwa kuhesabu vidole akienda kuteka maji. Alimwuliza mwenye nyumba kwa nini watu arobaini wanagawana choo kimoja, na tena hakina mlango. Mama yake alimfinya pale pale, lakini alipokuwa akiosha vyombo alikutwa akicheka peke yake. Alikuwa amezaa binti mwenye mdomo. Kwa mtu ambaye maisha yake yote amejibu "sawa" tu, sijui kama kuna furaha inayoipita hiyo.

Shairi la kumkaribisha mgeni lilikuwa limetungwa na Bwana Johnstone, beti kumi: mheshimiwa ni taa, mheshimiwa ni nguzo, mheshimiwa ni mvua ya Machi. Adoyo alilikariri kwa siku mbili. Lakini jioni ile ya kubeba masanduku, miguu bado ina tope, alitunga ubeti wa kumi na moja. Hakumwonyesha Mwalimu Linah, kwa kuwa alikuwa amekwisha kwenda nyumbani. Alimsomea mama yake tu, wakimenya njegere za kesho, na mama yake akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, mwambie, huenda hajui.

Hilo ndilo lililokuwa kosa lao, mama na mwana. Walidhani mheshimiwa hajui. Walidhani anadanganywa, maskini ya Mungu, na kwamba akishajua hadubini ni za kuazima atakasirika kwa ajili yao na kuwaletea zao.

Siku ya siku hema lilijaa. Adoyo alighani beti kumi na wazazi wakapiga makofi ya adabu. Kisha akavuta pumzi, akamtazama mgeni usoni, bila woga na bila ubaya wowote, akaendelea:

Hadubini u mgeni, sawa na mheshimiwa,
Mwaja kwetu hadharani, jioni mwachukuliwa,
Tuliwabeba begani, kwa heshima mlopewa,
Kesho humu darasani, meza tupu tutapewa.

Mama mmoja nyuma ndiye aliyeanza kucheka, kisha hema zima. Wanaume walisimama. Kuna mzee aliyetupa kofia yake juu. Mheshimiwa naye alicheka, akapiga makofi mara tatu, akamwegemea mwalimu mkuu, Bwana Kipyego, akamnong'oneza jambo. Kisha akatazama saa, akasema ana mkutano mwingine, akaingia garini sufuria zikiwa bado mekoni. Mgeni akiondoka bila kuonja mbuzi aliyechinjiwa, mwenyeji hahitaji kuelezwa. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu aliondoka, na hapo ndipo wenyeji walipoanza kuugua.

Jumatatu Adoyo aliitwa ofisini pamoja na mama yake. Bwana Kipyego alikuwa nyuma ya meza, kando yake Mzee Lusweti, mwenyekiti wa bodi ya shule, na Bwana Johnstone amesimama karibu na dirisha. Mama Adoyo aliketi kwenye ukingo wa kiti, mikono ameificha ndani ya leso aliyojifunga. Swali lilikuwa moja tu, ule ubeti wa mwisho ulitungwa na nani.

"Ni mimi, sir," Adoyo alisema.

Bwana Kipyego hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. "Adoyo, hauko kwa shida," alisema. "Sisi tunataka ukweli tu."

Adoyo akasema tena ni yeye. Mzee Lusweti alicheka kidogo, na kicheko chake hakikuwa cha dharau. Jambo lenyewe lilimchekesha kwelikweli. Alisema amekaa kwenye bodi miaka kumi na miwili na anajua watoto wa hapa wanaweza nini na hawawezi nini. Bwana Johnstone akasogeza karatasi na kalamu. Atunge mwingine basi, hapa hapa, juu ya kitu chochote, juu ya hilo dirisha.

Wanaume watatu walimtazama. Adoyo alishika kalamu. Maneno yalikuwepo, aliyasikia kabisa yakipangana, lakini aliitazama meza kama alivyokuwa akitazama dawati tangu Gredi ya Tatu, asiandike hata moja. Baada ya dakika tano karatasi ilichukuliwa ikiwa nyeupe, ikatiwa kwenye faili kuwa ushahidi.

Hapo mambo yakaelezwa kwa mama, polepole, kama anavyoelezwa mtu asiyejua kusoma. Mheshimiwa anaamini kuna mwalimu aliyetumwa na wapinzani wake. Mtoto hana hatia. Mtoto akisema alipewa maneno yale na Mwalimu Linah, yameisha. Akikataa, itabidi akae nyumbani mpaka bodi ikutane, na haijulikani itakutana lini.

"Na zile alama zake za miradi bado hatujazipeleka kwa baraza la mitihani," Bwana Kipyego aliongeza. "Zikikosa kufika, huko senior school mwakani hakuna mtu atamjua. Mimi sitaki tufike hapo, Mama Adoyo."

Mama aliomba ruhusa watoke nje kidogo. Walisimama kando ya tangi la maji, mahali ambapo watoto wa chekechea walikuwa wakinawa mikono.

"Nyathina, mwanangu, sema ni Madam," mama alisema.

"Lakini ulinisikia nikiitunga."

"Nilikusikia." Mama alitazama vidole vyake. "Madam ako na masomo yake. Akitolewa hapa ataenda shule ingine. Wewe ukitolewa, ni njegere tu zinakungoja."

"Mama, hiyo ni yangu."

"Najua ni yako. Hata mimi nilitaka watu wajue ni yako."

Kisha mama akalia, amesimama wima, bila kujifunika uso, mbele ya watoto wale wadogo. Adoyo hakuwa amewahi kumwona akilia mchana. Alimwangalia mpaka akashindwa kumwangalia, akasema sawa.

Taarifa ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kabla hawajatoka nje. Lilibaki jina na sahihi. Mwalimu Linah aliitwa aje asikie, akaja na chaki bado mkononi. Hakupewa kiti. Adoyo akaambiwa asome kwa sauti, naye akasoma: kwamba maneno yale alipewa na Mwalimu Linah, kwamba alikaririshwa, kwamba yeye hakuelewa maana yake. Alisoma bila kukwama hata mahali pamoja. Aliona aibu kwa kutokwama huko kuliko kwa maneno yenyewe.

Bwana Kipyego alimwuliza Mwalimu Linah kama ana la kusema. Mwalimu alimtazama Adoyo, na uso wake haukuwa na hasira, jambo ambalo Adoyo hakuweza kulistahimili.

"Huo ubeti niliusikia siku ile, kama nyinyi," alisema. "Ni wa Adoyo. Mimi siwezi kutunga hivyo. Andikeni mnachotaka kuhusu mimi, lakini hiyo kazi msimnyang'anye."

"Mnaona?" Mzee Lusweti aliwageukia wenzake. "Sasa anamtupia mtoto."

Wote wakatikisa kichwa kwa masikitiko. Mtu mzima, mwalimu, kujificha nyuma ya mtoto wa watu. Kisha Mzee Lusweti akamgeukia mama, akamwomba, kama mzazi, aseme neno moja la kuwekwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kwa jinsi anavyomjua bintiye, huyu anaweza kuandika kitu kama kile?

Mama Adoyo alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alimtazama Mwalimu Linah, akaondoa macho upesi, akayaweka kwenye pembe ya meza.

"Huyu wangu hajui kitu," alisema. "Hata kuongea tu inamshinda."

Bwana Johnstone aliyaandika hayo neno kwa neno. Mwalimu Linah aliuliza kama angeweza kwenda kumaliza kipindi, kwani alikuwa amewaacha Gredi ya Saba katikati ya zoezi. Aliambiwa haina haja, mtu mwingine ataenda. Alitoka taratibu, na mlango akaufunga mwenyewe.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, karibu kwa furaha. Chai ililetwa, Mama Adoyo naye akapewa kikombe. Bwana Kipyego alimpongeza Adoyo kwa ujasiri wake. Alisema Alhamisi ujumbe wa shule unakwenda kumwomba mheshimiwa radhi, na itapendeza sana akienda mtoto wa kughani. Bwana Johnstone alikuwa ametunga beti sita Jumapili mchana. Waliwafikiria watoto wengine, lakini ukweli usemwe, sauti kama ile hakuna mwingine aliye nayo, na shule haiwezi kuacha kipaji kikalala. Mama Adoyo alishukuru mara mbili.

Adoyo alipewa karatasi, akaambiwa ajaribu ubeti wa kwanza pale pale wausikie. Alianza. Bwana Kipyego aliinua mkono, akamsimamisha kwa upole, kama mwalimu mwema anavyofanya.

"Kichwa juu," alisema. "Usiogope. Jiamini."

Adoyo aliinua kichwa, akaanza upya.