Kisanduku cha Kunusa Sambaza

Siku mteja wangu Maman Christelle aliponimwagia kopo zima la sambaza, dagaa wa ziwa letu, mapajani na kusema, "Kula weye mwenyewe, miye siko paka," nilipata kinyaa ambacho hakijanitoka mpaka leo. Si kinyaa cha samaki. Harufu yao sikuisikia hata kidogo, maana homa ya mwaka juzi iliniondolea pua, na macho sikuzaliwa nayo. Vidole viliniambia samaki ni wakavu, wana chumvi ya kutosha. Kwamba mvua iliwaozesha kabla hawajakauka, hilo kidole hakijui.

Kilichonichefua ni kicheko. Soko la Kamembe lilicheka lote, na asubuhi nilipokuwa nikipanga uozo ule mezani hakuna aliyefungua mdomo. Kamati ya soko ikanionya: lalamiko moja tena, Feza, unaacha meza. Sina kazi nyingine ninayoijua.

"Pole, dada," aliniambia Béata, jirani yangu wa meza, akinipangusa kitenge. "Nilibanusa bale samaki, balikuwa bazuri. Bantu ba hapa biko na roho mbaya."

Béata ndiye alikuwa pua yangu. Sote wawili tulinunua kwa Balagizi, anayeleta magunia kutoka Nkanka, na kila gunia langu Béata alilinusa kwanza.

Lakini nilichoka kuazima pua ya mtu. Kila Jumamosi nilipanda kilima hadi Mururu kwa Papa Bashige, kipofu mwenzangu, ambako tulikutana vipofu wanne kuchezea kompyuta ndogo, zile zisizo na kioo, ukubwa wa kipande cha sabuni. Rangi za nyaya hazitusaidii kitu, kwa hiyo tunazifunga mafundo: moja ni la umeme, mawili ya ardhi, matatu ya kupeleka habari. Kando ya pini ya kwanza Bashige hudondosha nta ya mshumaa ili kidole kijue pa kuanzia. Kulehemu kumetuachia makovu sote. Wenzangu walitengeneza saa zinazosema. Mimi nikasema nataka pua.

Tulinunua kidude kinachohisi gesi, tukakiunga, kisha tukaozesha samaki kwenye beseni ili kukifundisha. Wenye pua zao walitapika, na Honorine, mke wa Bashige, akahamia kwa dada yake Giheke mpaka tumalize. Sauti ya kompyuta ilikuwa ya kuchukiza, Kiswahili chake kama mtu anayesoma tangazo la msiba, basi tukamwomba Béata, anayeimba kwaya. Alikuja akarekodi huku anacheka, maneno mawili tu: "Iko muzuri," na "Imeoza!"

Siku ya kwanza nilikiwasha kisanduku chetu mezani kwangu, juu ya gunia. "Iko muzuri," kikasema. Nikauza kwa maringo hadi mwanamume mmoja alipoonja samaki, akatema karibu na mguu wangu, akaenda zake. Nilifunga gunia na kupanda Mururu nikiwa nimevimba kwa hasira.

"Uliiwashaka wapi?" Bashige aliniuliza.

"Kwa meza yangu. Ningeiwasha wapi?"

Akasonya. "Feza, miye naiwashaka inje, kwa mulango. Ile mashini ikiamuka, hewa ya kwanza inakutana nayo inasema ni safi. Weye uliiamushia ndani ya uchafu."

Nikajiona mjinga. Hata mashine huzoea uvundo, nami nilikuwa nimezoea huruma za watu.

Kesho yake nilikiwasha mbali na soko, upepo wa ziwa ukinipiga usoni, ndipo nikaingia nimekikumbatia. Meza ya Béata ndiyo hutangulia. Kwa utani nikakisogeza kwenye gunia lake, nikabonyeza.

"Iko muzuri."

Nikahamia kwenye langu, la Balagizi yuleyule, lililoshushwa asubuhi ileile, ambalo Béata alikuwa amekwisha kulinusa.

"Imeoza!"

Nikarudi kwake, nikarudi kwangu. Iko muzuri. Imeoza! Safari hii soko halikucheka.

"Zima hako kamashini, kanadanganya," Béata akanong'ona.

"Kanadanganya na sauti yako?"

Akasogea karibu. "Balagizi alisema mumoja wetu lazima abebe gunia ya bale samaki ba mvua. Miye niko na batoto, Feza."

Mkono wake ukagusa wangu, mkono uleule ulionipangusa kitenge. Nikautoa upesi, nikapangusa wangu kwenye kitenge.

Mwenyekiti wa kamati akaja mbio. "Nani tena analalamikia samaki ya Feza?"

"Ni Béata," nikamjibu, na nikabonyeza tena juu ya gunia langu asikie mwenyewe.