Vidole vya Asubuhi

Fransiska alifunga mbeleko kwa meno. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vya moto, havikunjiki. Hata mlango aliusukuma kwa kiwiko. Mtoto mgongoni, akashuka ghalani, kwenye shamba la ngano la serikali upande wa Basotu, alikoshona midomo ya magunia. Ukiachishwa kazi, na chumba cha kambini unakiacha.

Tangu mavuno yaanze, wifi yake Konsolata, dada wa marehemu mume wake, alikuwa akimshonea magunia ya asubuhi. Jua likipanda vidole vililegea, na Fransiska akashona ya wote wawili huku wifi akipumzika.

Siku hiyo msimamizi, Bwana Didas, alimngoja mlangoni na sindano.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Shona hili gunia nikuone."

Sindano ikaanguka. Akaiokota kwa viganja, ikaanguka tena.

"Mama, umelewa pombe ya nani asubuhi yote hii?" mpakiaji mmoja akauliza. Wenzake wakacheka.

"Ni baridi yabisi, bosi. Subiri jua lipande, utaniona."

"Jana mchana ulishona kama cherehani. Ugonjwa gani huo unaangalia saa?"

"Muulize wifi. Yeye anajua."

Konsolata alikuwa akipanga magunia. Hakuinua kichwa.

"Mimi naona anachelewa tu. Ila binti yangu Kornelia yupo, bosi. Vidole vyake vizima."

Kornelia alikuwa tayari pale nje, kitambaa cha kazi kichwani. Didas akampa sindano, akamwonesha Fransiska mlango.

Fransiska akakaa nje ya geti, juani, akamnyonyesha mtoto. Kwenda chumbani kufungasha aliogopa. Mchana Kornelia akaja mbio.

"Shikamoo, mama. Mama yangu anasema uje unioneshe fundo. Magunia yanafumuka na lori linasubiri."

Fransiska akakunja vidole, akavikunjua. Vilikuwa vimelegea. Akanyanyuka upesi, labda bosi akimwona kwa macho yake ataelewa. Akashona gunia baada ya gunia, Kornelia akimshikia midomo, mpaka rundo lote likaisha.

Didas akaingia, akavuta uzi wa gunia moja. Haukulegea.

"Safi sana, Kornelia."

Halafu akamwona Fransiska.

"Na huyu kamruhusu nani?"

Konsolata ndiye aliyemshika mkono, pale pale kwenye viungo, akambana, akamtoa mpaka getini. Hapo wakasimama pembeni, bado amemshika, kupisha lori lipite.