Ngazi Ambazo Ermelinda Hakuzishuka

Auristela Barría hakupiga hodi. Aliingia ofisini mvua ikimchuruzika usoni, akatupa nakala ya ripoti ya zamani juu ya meza na kuvuta kiti bila kukaribishwa.

"Nisomee hapo nilipopigia mstari, Inspekta. Labda mimi sikuelewa."

Ermelinda Cárcamo hakuhitaji kusoma. Hakukuwa na mpelelezi aliyeheshimika kama yeye kisiwani Chiloé, na sentensi ile alikuwa amelala nayo na kuamka nayo kwa miaka sita: "Nilishuka hadi karakana, nikahakikisha kwamba dirisha la duka linaonekana waziwazi."

Hakushuka.

Wakati ule ulikuwa umepita miezi minne tu tangu akatwe mguu wa kushoto, chini ya goti, na kigutu kilikuwa bado kikivuja damu ndani ya mguu wa bandia. Don Lisandro, fundi mashua, alikuwa ameuawa kwa tezo yake mwenyewe ya kuchongea mbao katika karakana yake ufukweni, chini ya jabali. Njia ya kwenda huko ilikuwa ngazi mia moja na kumi na mbili za magogo, zote utelezi mtupu. Angeweza kuzishuka kwa makalio, moja moja, lakini askari wanne walikuwa wamesimama wakimtazama. Basi akabaki juu, akamhoji mwenye duka lililokuwa pale juu, Ovidio Mansilla, aliyeapa kwamba kutoka dirishani mwake alimwona Edelmiro, msaidizi wa marehemu, akitoka mbio karakanani na tezo mkononi.

Edelmiro, mdogo wake Auristela, akafungwa miaka kumi na mitano. Jaji alimsifu Ermelinda mbele ya watu wote: mama wa mguu mmoja ameshuka jabali kwa ajili ya haki! Naye akainamisha kichwa, akazipokea sifa.

"Juzi nimeshuka mwenyewe," Auristela alisema. "Nimelitafuta dirisha hilo mpaka shingo ikaniuma. Wewe uliliona kwa macho gani?"

"Nipeleke," Ermelinda alisema.

Alimwacha Auristela juu ya jabali, akashuka kwa makalio, mkongojo ukimtangulia. Alichukua karibu saa nzima. Alipofika chini akainua uso. Hakukuwa na dirisha wala duka, ila mwamba mkubwa uliochomoza, na mimea ikidondosha maji. Kumbe kuinua kichwa mara moja tu kungetosha.

"Leo umeshuka, Inspekta."

Ovidio alitoka ndani ya karakana, ambako siku hizi aliweka nyavu zake. Alishika kasia.

"Dirisha lako halioni huku, Don Ovidio."

"Halijawahi kuona. Siku ile nilijua utanitia pingu kabla ya jioni. Kumbe ukaniandikia uongo mzuri kuliko wangu! Nikasema, huyu mama katumwa na Mungu."

"Lisandro alikukosea nini?"

"Alilala na mke wangu. Watu wakanicheka mpaka kanisani."

Ermelinda alichomoa bastola, lakini kasia lilimpata kwenye kifundo cha mkono, bastola ikarukia majini. Pigo la pili lilimwangusha. Maji yalikuwa yanajaa kwa kasi. Ovidio akamshika mguu wa kushoto, akaanza kumburuta kinyumenyume kuelekea baharini. Juu Auristela alipiga ukelele. Ermelinda akapenyeza mkono ndani ya suruali, akatafuta kitufe chini ya goti, akakibonyeza.

Mguu ukachomoka. Ovidio akaanguka nao chali, kisogo kikagonga reli ya kuvutia mashua. Kabla hajajikusanya, Ermelinda alishamfikia kwa kutambaa, akamfunga pingu kwenye mnyororo wa reli.

"Ukinipeleka mahakamani nitasema hukushuka," Ovidio alihema. "Tutazama wote."

"Najua."

Askari walioitwa na Auristela waliwakuta pale, maji yamewafika kiunoni.

Jioni ile mkuu wake alifunga mlango wa ofisi. "Andika kwamba umepatikana ushahidi mpya, basi. Muuaji yule nani atamwamini?"

Ermelinda aliandika kurasa tatu kwa mkono wake uliovimba, akaanza na siku ile aliyobaki juu mbele ya askari wale wanne. Alivuliwa cheo kabla wiki haijaisha, na sasa anasubiri kesi yake.

Edelmiro aliachiwa mwezi wa Novemba. Ermelinda alimkuta uani kwao, akimenya viazi.

"Siku ile ulikuwa unaumwa sana?" Edelmiro aliuliza bila kuinua macho.

"Niliumwa. Lakini maumivu hayakunizuia. Niliona aibu kutambaa mbele ya wanaume."

Kisu kilisimama. "Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mama alikufa nikiwa ndani, wakaninyima ruhusa ya kumzika."

"Nisamehe, Edelmiro."

"Usiniombe hilo, mama. Nikikataa utalia, nikikubali nitakuwa nakudanganya." Akachukua kiazi kingine. "Nenda tu."

Auristela alimsindikiza hadi getini, kwa kuwa mbwa wao huuma wageni.