Mti Piga, Chini Usipige

Jiwe la kwanza liliikosa droni. La pili likaigonga ubavuni, ikayumba juu ya mihogo, na Mercyline Ajiko akaishusha mbio kabla hawajaimaliza. Vijana walikuwa wanamjia na nyuso zimekunjwa, mmoja na panga mkononi. Panga la nini, Ajiko hakuuliza.

"Wewe ndio polisi wa juu, si ndio?" mmoja alimfokea. "Leta hiyo ndege tuvunje!"

"Napiga picha za miti tu."

"Miti! Kwani miti inatoroka, ndio uichunge?"

Wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha urafiki. Kijiji hicho kiko nje kidogo ya Malaba. Mto uko pale chini, na ng'ambo ya mto ni Uganda, ambako mayai ni rahisi. Alfajiri trei za mayai huvushwa kwa baiskeli, hazipiti forodhani, na karibu kila nyumba hapo inakula kwa sababu hiyo. Sasa kitu kinakuja kuruka juu na kutazama chini! Usiniulize kwa nini walirusha mawe. Hata wewe ungerusha.

Aliyewazuia alikuwa mzee Emuron, mwenye shamba. Alimtazama Ajiko kutoka viatu hadi kofia, akamuuliza kwa Kiteso yeye ni wa nani. Ajiko akamtajia babu yake wa Amukura. Uso wa mzee ukalegea kidogo.

"Mtoto wetu," akasema, "hii mti unaitakia nini?"

Ajiko akamweleza. Yeye ni mtaalamu wa mimea, ofisi yao iko karibu na Alupe, na kazi yake ni kuutafuta mvule kabla haujaisha. Picha za setilaiti na za droni zilikuwa zimempa ramani iliyojaa nukta kutoka Matayos mpaka Malaba, kila nukta mvule mmoja, na mkubwa wake, Quinton, akafurahi kweli. Lakini mvule una dume na jike, na nukta haisemi lipi ni lipi. Ajiko akatembea kwa miguu nukta hadi nukta, akitafuta matunda. Dume. Dume. Dume tena. Mpaka alipofika hapa kwa Emuron, akainua macho, akayaona yananing'inia mabichi, marefu kama viwavi. Alitaka kulia kwa furaha, haki ya nani. Yakiiva mwezi ujao, atapata mbegu. Asipozipata, mivule yote ile kwenye ramani ni wagumba tu wanaongoja msumeno.

"Nataka kuizunguka na droni, nipige pande zote," akasema. "Nipime urefu, nipime matawi."

Emuron akageuka kutazama chini ya mti. Kivuli kilikuwa kizito kama nyumba. Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa shinani, na wanawake walikuwa wanapanga trei upya, mkewe Akiteng katikati yao akiwaamrisha. Mzee akamgeukia Ajiko tena.

"Mti piga," akasema. "Chini usipige."

Droni haina akili ya kupiga juu ikaacha chini, Ajiko alilijua hilo vizuri. Ila kwenye kompyuta angeweza kukata kila kitu kilicho chini, abakishe mti peke yake. Kwa hiyo akaapa. "Mzee, chini yote nitafuta. Haki ya Mungu."

Na alikuwa na nia. Lakini kazi hiyo ya kufuta inataka siku nzima na macho mazima, na Quinton hakumwacha apumue kwenye simu: tuma, tuma, nina mkutano. Ajiko akatuma zilivyo. Alijiambia, nani atatazama chini? Wote watatazama mti. Upuuzi mtupu! Lakini mtu akichoka hujidanganya na kitu chochote kilicho karibu.

Mkutano ulikuwa hotelini mjini Busia. Quinton aliuzungusha ule mvule kwenye skrini kubwa kwa mikogo, utadhani ameupanda yeye. Nyuma ya chumba alikaa afisa mmoja wa mpakani, amealikwa kama wageni wengine, hajasema neno tangu chai.

"Boss, hebu shusha kidogo," akasema. "Hapo. Vuta karibu."

Quinton akavuta. Zikaonekana baiskeli, zikaonekana trei, akaonekana Akiteng ameinama na kitambaa chake chekundu kichwani.

"Hao ni wakulima wanapumzika," Ajiko akasema haraka.

"Wakulima wa mayai?" afisa akauliza. Chumba kizima kikaangua kicheko. "Boss, nitumie hizo."

"Bila shaka," Quinton akasema, tena kwa tabasamu.

Ajiko alimkamatia nje ya mlango. "Quinton, nilimwahidi yule mzee!"

"Uliahidi wewe, mimi sikuahidi mtu. Na hao ni watu wa magendo, Mercyline, si dada zako."

"Ungeniambia kwanza unaonyesha nani!"

"Na wewe ungefuta kwanza kabla ya kutuma."

Alimchukia, na alimchukia zaidi kwa sababu hilo la mwisho lilikuwa kweli. Jioni ile akampigia Emuron simu mpaka akachoka. Ikaita, ikaita, haikushikwa.

Siku ya tatu, watu wakapiga simu ofisini kusema polisi wamevamia kwa Emuron. Ajiko akachukua boda hadi Malaba, na kabla hajauona mti akasikia msumeno wa petroli.

Chini ya mvule ardhi ilikuwa tope la manjano. Maganda, nzi, baiskeli moja iliyopondwa, kitambaa chekundu kimekanyagwa. Fundi wa mbao aitwaye Wabwire alikuwa ameshaula mti karibu nusu ya shina. Vijana wale wale walikaa pembeni. Safari hii hakuna aliyeokota jiwe, na Ajiko aliona heri wangemrushia.

"Madam amefika," Emuron akasema.

"Mzee, nakuomba, msimamishe. Matunda bado ni mabichi. Ngoja yaive tu, kisha ukate, sitasema kitu."

"Akiteng amelala kwa simiti ya seli. Wewe unaniletea habari ya matunda?"

"Mti huu haukatwi bila kibali!" Hasira ilimpanda, au labda ni aibu. "Nitaita watu wa misitu."

"Ita. Njia sasa wanaijua."

Vijana wakacheka. Emuron hakucheka. Akamsogelea mpaka Ajiko akasikia harufu ya jasho lake.

"Baba yangu aliacha hii mti, na mimi nikaiacha. Watu wa mbao walikuja hapa na lori, nikawafukuza. Ulifikiri ni sababu ya popo wanaokula matunda yake? Ilikuwa inatufunika. Umeifunua wewe. Sasa ni ya kazi gani?"

Ripoti zote za Ajiko zilizungumzia udongo na mvua, na hakuna ukurasa uliotaja mayai.

Wabwire akainua tena msumeno. Ajiko akamrukia akamshika mkono, na vijana wawili wakamng'oa pale wakamsukuma kwenye mihogo, bila upole wowote. Mvule ukalia, ukainama upande wa mto, ukaanguka na kuondoka na migomba mitatu. Jua likaingia pale chini kwa mara ya kwanza tangu mzee azaliwe, na kila mmoja akafinya macho.

"Haya, rusha ndege yako," Emuron akasema. "Chini iko wazi. Piga yote."

Ajiko hakuirusha. Alipiga magoti kwenye matawi, akachuma tunda moja, akalipasua kwa kucha. Ndani mlikuwa na maji meupe tu, hakuna mbegu. Akapasua lingine, na lingine, na vijana wakamwacha aendelee.