Akordeo ya Kasongo

Kasongo alikuwa karani wa kupima mpunga katika bohari moja hapa Kisangani. Mwaka wa 1954 alikopa akordeo, kinanda cha kuvuta, kwa tonton Alexis, jirani yake mwenye duka mtaani Tshopo, kwa franga elfu moja na mia mbili. Kuipiga hakujua. Alisema atajifunza, atapiga kwenye ndoa, na deni litajilipa lenyewe.

Alijifunza kila jioni, miezi mitatu mizima. Mbuzi wa jirani, mama Agathe, alikata kamba, hakuonekana tena.

Mke wake, Fatouma, muuza mikate ya mafuta, alikuwa amechoka na deni, na zaidi na paa la majani lililovuja juu ya kitanda. Siku ya mshahara alipanga makopo matatu matupu ya maziwa mezani.

"Hii ya chakula. Hii ya deni ya tonton Alexis. Hii ya mabati. Deni iishe kwanza, kisha tununue mabati."

"Na sigara yangu?"

"Bon, utafute kopo yako."

Kasongo hakubisha. Jumamosi ile alikuwa ameitwa kupiga kwenye ndoa ya Hemedi, fundi viatu, na aliona utajiri umefika. Alipiga nusu wimbo. Bibi harusi akaanza kulia, na si kwa furaha. Mjomba wa Hemedi akamvuta Kasongo pembeni, akamtia franga hamsini mfukoni, akamsindikiza mpaka barabarani.

Alirudi nyumbani anacheka. "Hamsini, mama! Kwa nusu wimbo!"

"Walikulipa juu ya kupiga, ao juu ya kuacha?"

Kasongo akakaa kitandani, akordeo mapajani. Fatouma alimwonea huruma, ila hamsini ilikuwa tayari ndani ya kopo la deni.

Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba. "Bwana yangu iko na kipaji," aliwaambia majirani, "lakini iko na deni pia. Kila siku asipopiga, kila nyumba franga moja."

Nyumba kumi na mbili zilikubali kabla hajamaliza kusema. Tonton Alexis alilipa ya wiki mbili mbele. Jumapili Fatouma akamrudishia pesa zile zile kupunguza deni. Alexis akazihesabu, akaandika risiti, akashukuru sana.

Mtu akichelewa kulipa, Kasongo alisimama mlangoni, akafungua akordeo kidogo tu, fyuuu, na franga ilikuja mbio. Alianza kutembea kifua mbele. Hakuna mwanamuziki mwingine mjini, alisema, aliyelipwa kila siku.

Kabla ya miezi minne deni likaisha. Majirani wakaingiwa na hofu: sasa atapiga tena. Mama Agathe akaja na wenzake.

"Fatouma, ile kitu itoke kabisa, unataka nini?"

"Mabati makumi mbili."

Wakachanga. Kasongo alikataa, akasema msanii hauzwi. Halafu mabati yakashushwa uani, mapya, yanang'aa. Akayagonga kwa kidole, akayagonga tena. "Alors," alisema, "muchukue."

Alexis alipewa akordeo aiuze, kwa kiapo kwamba hatamuuzia mtu wa Tshopo. Mchuuzi mmoja akainunua, akapanda nayo lori la kwenda Banalia, anaijaribu njiani. Fatouma, juu ya ngazi, aliisikia ikipita.

"Masikini, watu wa Banalia," alimwambia mumewe. "Papa, unipe misumari."