Salamu za Bi Kazija

"Wazima kwenu?" Bi Kazija aliuliza tena.

"Wazima, bibi," alijibu Radhiya, muuguzi aliyetoka hospitali. "Nawe hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Sina neno mie."

Mize, bintiye, alikuwa mlangoni akiuma mdomo. Tangu alfajiri alikuwa mbioni: kamwogesha mama, kamvisha kanga mpya, kafukiza udi chumba kizima. Ndivyo mgeni anavyopokewa kijijini Msuka. Haoneshwi uchafu wala shida. Na Radhiya, ambaye kazi yake ni kuwafuata majumbani wagonjwa waliozidiwa, alimwona bibi nadhifu mwenye adabu zake. Akausifu usafi wa nyumba, akasema kwa upole kuwa wenye hali mbaya ni wengi, na huyu anaweza kungoja. Akapanda pikipiki yake.

Mlio wa pikipiki haujapotea, Bi Kazija akamgeukia bintiye. "Weye n'nani? Nipeleke kwetu."

Kwao ni hapo hapo. Maradhi ya kusahau yalikuwa yamekula majina, watoto na njia ya chooni, yakabakisha salamu alizofunzwa tangu hajaota meno. Na chini ya ile kanga mpya, mgongoni, palikuwa na kidonda kilichomliza kila alipogeuzwa. Mize alitaka dawa ya maumivu na mtu wa kumwelekeza. Akaambulia sifa za usafi. Alijiona mjinga wa kutupwa.

Ngwali, kakaake, alisema basi yaishe. Majirani walishasema mama ana shetani, sasa wageni nao waitwe waje kutazama? Aibu ya nyumba hukaa nyumbani.

"Mficha uchi hazai, kaka," Mize alimjibu, akampelekea Radhiya ujumbe: njoo tena, lakini usituarifu.

Radhiya alikuja asubuhi moja, Mize akiwa na shuka chafu mikononi. Bi Kazija alikuwa amemwaga uji, anamwita bintiye mwizi wa karafuu. Mikono ilimwasha Mize akimbilie udi na kanga safi. Hakukimbilia. Uso ulimwiva kwa haya, lakini aliinama akaufunua mgongo wa mama yake.

"Huyu ndiye mamaangu, Bi Radhiya. Yule wa siku ile nilimpamba."

 Radhiya alivua viatu, akakaa mkekani, akaomba maji ya uvuguvugu. Alisafisha kidonda, akatoa dawa ya maumivu, akamwita Ngwali aliyekuwa amewapa mgongo uani. Alimwonesha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kumtonesha. Ngwali alijaribu, na mama hakulia. Mize ndiye aliyelia, tena kwa furaha, bila kujificha.

Hakuna aliyewaahidi kuwa mama atapona. Lakini Radhiya sasa anakuja kila wiki, Bi Kazija analala usingizi wa kweli, Ngwali anamgeuza vizuri hadi anajisifia barazani, na Mize amerudi pwani kwenye kilimo chake cha mwani.

Leo alipotoka huko alimkuta muuguzi ameshafika.

"Wazima kwenu?" mama alikuwa akiuliza, kwa mara ya ngapi Mungu ndiye ajuaye.

"Wazima, bibi," alijibu Radhiya, kama ndiyo kwanza anaingia. "Nawe hujambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi. Sina neno mie."

Mlangoni, Mize hakuuma mdomo. Alikamua pindo la kanga lililorowa maji ya bahari, akaingia ili naye asalimiwe.