Programu ya Mashine Moja

Skrini ilibaki nyeusi. Nilisikia disketi ikikwaruza, ikitafuta, kisha ikatulia. Programu yangu ilikuwa imeshapata jibu, ila hatukuweza kuliona.

"Mutie, nani ana damu ya huyu mama?" Sista Roseline alisimama mlangoni, aproni imelowa. "Nipe jina moja tu na nyumba yake. Nitakimbia mwenyewe."

Ilikuwa mchana, mwaka wa tisini na mbili, katika kituo cha uzazi mtaani Lucky Summer. Wanza, aliyejifungua asubuhi, alikuwa akivuja damu chumba cha pili, na damu yake ilikuwa ya aina adimu. Orodha ya waliojitolea kutoa damu, pamoja na nyumba zao, ilikuwa ndani ya disketi ile tu. Fomu za karatasi walizojaza niliruhusu ziuzwe kioskini, ziwe za kufungia maandazi. Upumbavu mtupu.

Miezi minne kabla, mimi na Rispa, mafundi wawili wa kompyuta wa kituo, tulikuwa tukiandika programu hiyo, kila mmoja yake. Ya Rispa ilichukua karibu dakika nzima kupata jina, lakini ilikubali kompyuta yoyote. Yangu ilichukua sekunde moja, kwa sababu niliifunga kwenye skrini ya kompyuta ya kituo pekee, kila herufi nikiipeleka moja kwa moja mahali pake kwenye skrini hiyo. Majina nayo niliyabana kwa mtindo wangu, hakuna programu nyingine iliyoweza kuyafungua.

"Na hii mashine ikikufa?" Rispa aliniuliza mbele ya wafanyakazi wote.

"Mtu anavuja damu, wewe unangoja dakika? Wacha hizo, Rispa."

Watu walicheka, nami nikajiona bingwa. Nilipohitaji disketi ya kuwekea kazi yangu, nilichukua ile pekee yenye programu yake nikaifuta bila kumwambia. Mpya zilikuwa kabatini. Niliona uvivu kuomba ufunguo. Hadi leo naikumbuka sura yake alipogundua.

Wiki ile aliyojifungua Wanza, stima ilipanda ghafla ikaunguza kompyuta yetu. Kanisa likatuazima ya kwao, yenye skrini ya aina nyingine. Sikuijaribu programu. Ya kujaribu nini, na niliiandika mimi?

Nilibonyeza vitufe vilevile mara saba, nane, jasho likinitoka. Roseline alishindwa kungoja, akatoka mbio, akagonga mlango kwa mlango akiuliza watu damu yao kama anayeuza mboga. Aliporudi, Wanza alikuwa amefunikwa shuka.

Siku ya tatu nilipata mashine kama yetu mjini. Jina lilitokea papo hapo: Omolo, karani wa reli, nyumba iliyopakana na ukuta wa kituo. Siku ile alikuwa kwenye likizo, mlango wake wa nyuma wazi, akisikiliza redio. Roseline alikuwa ameanzia upande wa pili.

Wanza alizikwa Ijumaa. Jumatatu Patrobas, mkurugenzi wetu, alileta wageni kutoka hospitali za mikoani, nikawaonyesha programu kwenye mashine ile niliyoipata mjini. Walipiga makofi. Mmoja akaomba nakala.

Nikampa, bila kumuuliza mashine yake ni ya aina gani.